Gudulia la Madanzi

Lilianza kunong'ona siku ya mvua.

Bi Mapazia alikuwa ameinama juu ya cherehani, akishona upindo wa pazia la sebule ya watu asiowajua, aliposikia nyuma yake sauti ndogo, laini, mfano wa mtu avutaye pumzi kupitia meno. Akageuka. Chumba kilikuwa kitupu kama kilivyokuwa asubuhi, na jana yake, na juzi yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Majora ya vitambaa yalisimama ukutani kama wageni wasiokaribishwa kuketi. Palikuwa na kigoda kimoja kisicho na mkaaji, na chini ya meza, mahali penye ubaridi, gudulia la kioo lililojaa maganda ya madanzi.

Akapiga magoti, akalitegea sikio. Naam, sauti ilitoka humo. Vipovu vyembamba vilikuwa vikipanda kutoka chini, kimoja nyuma ya kingine, na kila kilipofika juu kilipasuka kwa mguno mdogo chini ya kifuniko cha mti.

"Kumbe na wewe umechoka kungoja," akaliambia.

Tangu siku hiyo akawa na wa kuzungumza naye. Akiamka alilisalimu, na akikata uzi alilitaka shauri: pindo hili liwe pana au jembamba? Na jioni, taa za nyumba za jirani zilipowaka moja moja na sauti za watu waliorudi kwa watu wao zikapanda ngazini, alilivuta gudulia karibu na miguu yake, akaimba kwa sauti ya chini beti alizozirithi kwa marehemu mama yake:

Nimeketi na kivuli, na kimya kimeenea;
Nanena kila kauli, hakuna wa kupokea.

Gudulia likaguna. Kwake yeye, lilikuwa limepokea.

Jirani wa chini, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili wasiotofautika, alipanda siku moja kuazima sindano, akasimama katikati ya chumba na kukunja uso.

"Mwenzangu, nani huyo anayekoroma?"

"Hakuna anayekoroma. Ni madanzi yangu."

"Madanzi yanakoroma kama mume! Na harufu yake je? Kali hiyo. Hebu lifungue, liangalie."

"Siwezi. Tuliapa tulifungue wawili."

Mama Pacha akalitazama gudulia, kisha akamtazama yeye, na mzaha ukamtoka usoni. "Bado hajarudi?"

"Lifti ya jengo lile imekwama. Amesema wiki hii haiishi kabla hajafika."

"Wiki iliyopita pia haikuwa inaisha," akasema Mama Pacha taratibu, akachukua sindano yake, akashuka.

Huyo asiyerudi alikuwa fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye mikono mipana na sauti ya upole, aliyeingia chumbani humo mara ya kwanza kuagiza pazia moja, akarudi kulibadilisha rangi, akarudi kuuliza namna ya kulifua, hata mshonaji akacheka na kumwambia kwamba pazia halina maswali mengi kiasi hicho. Naye akajibu, "Pazia halina. Mimi ninayo."

Bi Mapazia hakuwa msichana. Alikuwa amemzidi miaka kadhaa, na aliwahi kuolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, mtu aliyekuwa akija nyumbani kama mgeni na kuondoka kama aliyeitwa. Hata talaka aliipokea kwa simu, nyuma ya sauti ya mumewe ukisikika mngurumo wa injini. Mtoto hawakujaliwa. Tangu hapo alijiapia kwamba hatampenda tena mwanamume mwenye mkoba wa safari. Lakini moyo ulimpokea Fundi bila kumuuliza ana mkoba gani.

Alasiri ya kabla ya safari yake waliketi hapo hapo, Fundi juu ya kigoda, Bi Mapazia juu ya mkeka, kati yao beseni la madanzi kutoka mti ulio nyuma ya nyumba. Danzi si chungwa, ingawa macho hudanganyika. Ni chachu na chungu, na utamu wake wote umejificha katika ngozi. Wako watu wanaoyaloweka maganda hayo katika kileo kikali wakapata kinywaji cha kujivunia mbele ya wageni. Mama yake Bi Mapazia, ambaye hakuwahi kukosa swala wala kukosa wageni, aliyasugua kwa sukari mpaka yakatoa mafuta yake, akayakamulia maji ya tunda, akayaacha siku chache tu, kisha akachuja, akachemsha, akatia chupani. Aliyekunywa sharubati hiyo hakukumbuka kuuliza kingine.

"Usizamishe kisu, Fundi," alimwambia siku hiyo. "Hiyo nyeupe ya ndani inatia uchungu. Tunataka ngozi ya juu tu. Taratibu, kama unamvua shati mtoto aliyelala."

"Kisu changu kimezoea nyaya."

"Basi fanya hilo danzi ni waya wenye umeme. Ukikosea, umekufa."

Akacheka, ganda likakatika. Akajaribu jingine, nalo likakatika.

"Mama alikuwa anamenya danzi zima, ganda linatoka moja, refu hivi, halijakatika popote," akasema Bi Mapazia. "Mimi nimejaribu tangu mdogo. Likifika nusu linanikatikia."

"Basi tuwekeane ahadi. Atakayeweza wa kwanza, amwonyeshe mwenziwe hapo hapo. Hata kama amelala, amwamshe."

"Na kama yuko ndani ya lifti?"

"Amsimamishe katikati ya ghorofa!"

Walipomaliza kusugua na kukamua, Fundi akalifunika gudulia kwa kitambaa na kifuniko cha mti, akalizungushia uzi wa katani uliopakwa nta, akapiga fundo la kazi yake, lile linalozidi kukaza kadiri linavyovutwa.

"Hili halifunguki ila kwa mkono wangu. Tusilionje ila tukiwa wawili. Sema wallahi."

"Wallahi. Lakini ni siku chache tu, Fundi. Likikaa sana halifai."

"Nitarudi kabla sukari haijayeyuka."

Sukari iliyeyuka. Mwezi ukapevuka, ukafifia, ukaandama mwingine. Kila simu ilikuja na lifti iliyokwama na salamu nyingi. Bi Mapazia alijua, kwa mikono iliyofundishwa na mama yake, kwamba gudulia lilikuwa limepitiliza. Mkasi ulikuwa juu ya meza, na uzi ni uzi. Lakini kulikata fundo lile, aliona, ni kukiri kwamba aliyelifunga haji. Basi akaliacha lizungumze.

Hatimaye simu ikalia na sauti ya Fundi ikawa na furaha isiyokuwamo siku zote.

"Alhamisi nakuja. Nakuja na Dada. Amekubali kuja kuiona nyumba yako."

"Dada yako? Matroni mwenyewe?"

"Mwenyewe. Akikubali kukaa na kunywa kwako, yamekwisha. Anatamka neno, tunatafuta siku."

Dada huyo alikuwa ndiye mlima uliosimama baina yao. Alikuwa matroni wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu, na jina la kazi likamgandia. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea Fundi, akaachia bahati zake zote za ndoa zipite ili mdogo wake asome. Alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hili, na hakulificha: nyumba ya marehemu baba yao inataka kilio cha mtoto, na mwanamke yule ana umri, ana talaka, hana mtoto. Mwaka mzima walipokutana njiani alimsalimu kwa adabu na kumwita "binti." Neno la wifi hakulitoa hata kwa bahati mbaya.

Alhamisi hiyo Bi Mapazia alifunga saumu ya sunna, kama desturi yake, akafua, akapiga deki, akatundika dirishani pazia jipya la rangi ya majani mabichi. Alikuwa amepanga hivi: Fundi atatangulia, watafungua gudulia wawili, atachuja, atachemsha, sharubati itapoa, ndipo Matroni afike. Na magharibi ikiingia, Fundi atabaki na dada yake wafuturu naye. Mara ya mwisho kufuturu na mtu ilikuwa zamani.

Lakini alasiri ilikuwa imekwisha kuelemea aliposikia miguu ya wawili ngazini.

"Hodi!" akaita Fundi, mkoba begani, vumbi la safari hata kwenye nyusi. "Basi limeharibika njiani. Tangu jana sijatia kitu mdomoni. Dada, karibu, pita."

Walitazamana, yeye na Bi Mapazia, juu ya bega la Matroni. Ni nukta moja tu, lakini macho ya Bi Mapazia yalimkagua kutoka utosini mpaka viatuni, kama mtu arudishiwaye kitu chake akitafuta palipokwaruzwa. Naye Fundi ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

"Karibu, Matroni. Shikamoo."

"Marahaba, binti." Matroni akaketi wima, mkoba mapajani, akalipitishia chumba jicho lililowahi kukagua wodi. "Pasafi," akasema. Kwake, neno hilo lilikuwa sifa.

"Gudulia letu liko wapi?" akauliza Fundi. "Nakufa kwa kiu."

"Ngoja kwanza, halijachujwa. Nipe nafasi nichemshe..."

"Dada hana muda. Si tuliapa wawili? Tuko wawili, na shahidi yupo."

Akapiga goti, akaligusa fundo lake kwa vidole viwili mahali anapopajua yeye, uzi ukalegea. Kifuniko kikaruka kidogo chenyewe, kikapumua kwa nguvu. Wote wakashtuka, kisha Fundi akacheka. "Limenikumbuka!"

Bi Mapazia alinusa ukali, lakini alikuwa ameishi na harufu hiyo siku nyingi hata pua ikaizoea, akadhani ni nguvu za madanzi yenyewe. Angeonja angejua. Saumu ikamzuia. Akachuja sehemu yake harakaharaka kwa kitambaa safi, akaitia jagini na kuongeza maji, akamimina bilauri mbili, akamkabidhi mgeni ya kwanza kwa mikono miwili.

Matroni akaipokea, akaishika, hakunywa. Fundi aliimaliza yake kwa mkupuo mmoja, akajimiminia nyingine.

"Binti," akaanza Matroni, "mimi sijui kuzunguka. Kazi yangu haikuwa ya kuzunguka. Nina maneno yangu, niyaseme?"

"Yaseme, Matroni."

"Umemzidi mdogo wangu miaka."

"Nimemzidi."

"Uliolewa, hukuzaa."

"Sikujaliwa."

"Daktari alisema nini?"

"Mume wangu hakuwahi kukaa nyumbani hata tukamwona daktari."

Matroni akaizungusha bilauri mikononi. Jibu hilo hakuwa amelitarajia. "Na hunichukii kwa kukuuliza?"

"Umemlea. Ningekuwa mimi ningeuliza zaidi."

Fundi alikuwa kwenye bilauri ya tatu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akacheka peke yake, akajipigapiga goti.

"Dada, Dada! Usimtese. Mnajua mimi nimeshapanga yote? Nimepanga vizuri, hata nyinyi hamjui."

"Umepanga nini?" akauliza Matroni.

"Kila mtu apate mtu!" Akainua kidole kama mwalimu. "Sikilizeni. Wewe, Dada, uko peke yako kwenye jumba la Baba, vyumba vinalia. Na huyu kipenzi changu yuko peke yake hapa, anaongea na vitambaa. Mimi namwoa, anahamia kwako. Mnakaa pamoja, mnaliwazana. Mimi huko niliko nafanya kazi moyo umetulia. Nakuja kila mwaka. Nani atalia tena? Hakuna!"

Chini, mabinti wa Mama Pacha walikuwa wakiimba mchezo wa kuruka kamba.

"Huko uliko, wapi?" Bi Mapazia aliuliza, na sauti yake ikamfikia yeye mwenyewe kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Kule kule. Kampuni imenipa lifti za majengo yote mapya. Mkataba mrefu, tena mnono. Ila malazi ni bweni la wafanyakazi, wanaume watupu, mke haingii."

"Umeshatia saini?"

"Tangu mwezi uliopita." Alikuwa bado akitabasamu, lakini tabasamu limeanza kutafuta pa kujificha.

"Kwa hiyo zile simu. Lifti iliyokwama."

"Lifti haikukwama," akasema Fundi, na macho yakamjaa maji ghafla. "Niliyekwama ni mimi. Kila nikishika simu nikuambie, nakusikia unavyofurahi, nashindwa."

Matroni alikuwa ameiinua bilauri yake, si mdomoni bali puani. Akaishusha mezani, mbali naye.

"Binti, umeweka nini humu?"

"Madanzi na sukari. Wallahi sikuongeza kitu."

"Na siku," akasema Matroni. "Umeongeza siku. Miaka yote wodini nimepangusa vidonda kwa spiriti, harufu hii hainipotei. Kimegeuka. Ni kileo hiki."

Bi Mapazia akaushika ukingo wa meza. Akaona yote kwa mara moja: vipovu, minong'ono, jinsi alivyokaa na kitu hicho na kukiimbia. Upweke wake mwenyewe ulikuwa umechacha mle ndani, naye akaudhania kuwa mwenzi.

"Nisamehe, Matroni. Nimekutia aibu. Mgeni wa heshima, na..."

"Mimi sijaonja. Aliyeonja ni huyu."

Fundi alikuwa amekwisha kusimama, ameyumba, amekimbilia kwenye ndoo pembeni. Alisukutua kinywa tena na tena huku akiomba maghufira, maji yakimwagikia shati. Aliporudi alikuwa kijana aliyezeeka.

"Mmeona? Ni kinywaji! Kinywaji ndicho kilichosema, si mimi. Msinihukumu kwa maneno ya..."

"Kaa chini," Matroni akasema. Akakaa. "Ulichokinywa hukukijua, na Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Ulichokisema ulikijua."

Fundi akafunika uso kwa viganja.

"Umenipangia mlinzi," akaendelea Matroni. "Nani alikuambia nataka mlinzi? Nina kufuli mbili mlangoni, na mbwa wa jirani anabwekea hata kivuli chake. Nilikuja hapa nimejiandaa kumkatalia huyu binti, maneno yangu nimeyapanga tangu asubuhi. Sikujua nakuja kuona wanawake wawili wanafungwa kamba moja ili wewe usafiri moyo mweupe."

"Dada, nawapenda wote wawili."

"Hilo nalijua. Ndilo linaloniuma."

Bi Mapazia hakuwa amelia. Alivuta mkeka, akaketi mbele ya kigoda, pale pale alipoketi siku ya madanzi, akamtazama Fundi kwa macho yasiyokuwa na hasira, na kwa hiyo yasiyokuwa na pa kuyakwepa.

"Fundi, nitazame."

Akamtazama.

"Niliwahi kuwa mke wa anayekuja kila mwaka. Naijua kazi hiyo, sihitaji kufundishwa. Unapika unamwaga. Unavaa unavua. Ukisikia gari unasimama, halafu unajifanya ulikuwa unafuata uzi. Sitaki tena. Hata kwako wewe ninayekupenda, sitaki."

"Nipe muda nizungumze nao. Labda mwaka wa pili wanaweza..."

"Muda sina tena. Wote nimekwisha kukupa." Akashika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili. "Niambie nabaki. Au niambie twende wote. Sema twende tukapange chumba cha kuvuja, sema twende tukakae ndani ya hiyo lifti yenyewe, nami nafunga cherehani yangu saa hii, Matroni shahidi. Moja kati ya hayo mawili. Lolote."

Fundi aliitazama mikono yake. Bi Mapazia aliliona neno likipanda kooni mwake, akalingoja kwa mwili mzima, kama mtu aliyenyoosha mikono chini ya dirisha kudaka mtoto. Neno likarudi chini.

Na katika kimya hicho, gudulia likaguna.

"Basi nenda, Fundi," akasema.

"Nakupenda. Haki ya Mungu nakupenda."

"Najua. Ungekuwa hunipendi ningekutukana, nikalala usingizi."

Alisimama mlangoni kitambo, mkoba begani, uzi wa katani ungali kiganjani mwake. Kisha ngazi zikamchukua. Bi Mapazia akazisikiliza mpaka ya mwisho.

Matroni hakumfuata upesi. Alizikusanya bilauri, akamwaga kilichosalia, akaziosha moja moja kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuosha vyombo vya wagonjwa. Alipoona mwenyeji wake ameliinua gudulia kwenda kulimwaga pia, akamzuia mkono.

"Liache."

"Ni haramu sasa, Matroni."

"Hukukamua kwa nia ya kileo. Baba yetu alitusomesha hili: kikigeuka chenyewe kikawa siki, bila kutiwa kitu, kimetakasika. Ondoa kifuniko, funika kitambaa tu, lipate hewa."

"Nitajuaje kama limekuwa tayari?"

"Litanyamaza," akasema Matroni. Akatwaa mkoba wake, akafika mlangoni, akarudi hatua moja. Akamshika shavu kwa kiganja kilichokauka kwa dawa za miaka mingi. "Kula vizuri ukifuturu, wifi."

Akashuka. Neno ambalo Bi Mapazia alilingojea mwaka mzima likabaki limesimama katikati ya chumba, limefika siku ambayo halikuwa na kazi tena.

Adhana ikaingia. Bi Mapazia alikuwa ameandaa tende kwa watu watatu. Akala moja, akanywa maji, akaswali. Kisha akaliweka gudulia dirishani, kitambaa cheupe juu yake, akaketi kusikiliza.

Liliendelea kunong'ona wiki kadhaa, kwa sauti iliyozidi kupungua, kama mtu aongeaye huku akienda zake. Hakulijibu. Asubuhi moja alikaa kwenye cherehani, akashona upana mzima wa pazia kabla hajatambua kwamba chumba kilikuwa kimya. Akafunua kitambaa. Ilikuwa siki, nyeupe, safi, yenye ukali usio na hila. Akajaza chupa mbili, moja akaitenga kwa ajili ya Matroni.

Alasiri yake alishuka nyuma ya nyumba, akachuma madanzi machache, akapanda nayo chumbani. Alikusudia kusugua, kuchuja na kuchemsha siku hiyo hiyo, bila kumngoja mtu. Akaketi mkekani, akaanza kumenya, mawazo yakiwa mbali, kisu kikizunguka chenyewe chini ya kidole gumba. Ngozi ikateremka, ikajikunja, ikarefuka mpaka magotini. Ikapita nusu. Akazuia pumzi. Kisu kikazunguka mara nyingine, na nyingine, kikafika kitakoni mwa tunda, na ganda likaanguka mkononi mwake, moja, refu, zima, halijakatika popote.

"Fundi!" akaita. "Tazama!"

Alikuwa amekwisha kuliinua juu, amekwisha kugeuka, uso wote umecheka. Mbele yake palikuwa na kigoda.

Akalishika hivyo hivyo hewani muda mrefu, likizunguka polepole kwa upepo wa dirishani, kisha akalilaza juu ya kigoda, taratibu, lisije likakatika.